Sura ya Nne: Kisa Kinapomwingia Msikizi

Tarehe 11 Oktoba 2012, katika Mahakama Kuu ya Meru, mji ulioegemea miteremko ya mlima ambao wenyeji huuita Kirimaara, lilifunguliwa shauri ambalo walalamishi wake hawakutajwa kwa majina bali kwa herufi, kwa kuwa walikuwa watoto. Wasichana hao walikuwa 11, na nyuma yao walikuwako wenzao wengi waliopatwa na masaibu ya namna moja, hata shauri lenyewe likaja kujulikana ulimwenguni kuwa ni la wasichana 160. Na mlalamishi wa 12 lilikuwa shirika la Ripples International la huko huko Meru, ambalo katika kituo chake cha Tumaini lilikuwa likiwahifadhi wasichana walionajisiwa. Ajabu ya shauri hilo ni kwamba halikuwashitaki wanajisi. Liliwashitaki waliosikia, yaani polisi, ambao watoto hao na jamaa zao walikuwa wamewaendea na kuwaeleza yaliyowapata, na maelezo yao yakaishia pale pale mezani yalipotolewa. Walalamishi walisema kwamba baadhi ya askari walidai mashahidi kwanza, wengine fedha, na wengine walimgeuzia mtoto lawama. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba kule kupuuza na kukataa kuchunguza kulikuwa ni kuzivunja haki ambazo Katiba imewapa watoto hao, akaamuru malalamiko yao yachunguzwe upesi, kwa ukamilifu, na kwa ujuzi uipasao kazi hiyo.

Mimi si mwanasheria, na sura hii haikuandikwa kwa ajili ya sheria. Kilichonivuta katika shauri hili ni kwamba kisa kilikuwa kile kile cha mtoto yule yule, kikaingia katika masikio ya wanadamu wawili, na kwa mmoja kikazaa kimya, kwa mwingine kikazaa hukumu. Ikiwa ni kweli, kama tuambiwavyo siku hizi na kila mhubiri wa mambo ya ubongo, kwamba kisa chenye uchungu huutikisa ubongo wa kila akisikiaye, basi ubongo wa yule askari wa mezani ulikuwa wapi?

Na tuanze na lililothibitika. Mwaka 2010 Greg Stephens, Lauren Silbert na Uri Hasson wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo ndani yake mwanamke mmoja alilazwa katika mashine ya sumaku ifuatayo mwendo wa damu ubongoni, akaachwa asimulie kisa cha kweli cha siku zake za shule kwa muda wa kama dakika 15, bila kusoma wala kukariri. Kisha watu wengine wakalazwa mmoja mmoja katika mashine ya namna hiyo na kusikilizishwa sauti yake. Picha zilipolinganishwa, ilionekana kwamba ubongo wa msikizi ulikuwa ukiufuata ubongo wa msimulizi, ukipanda unapopanda na kushuka unaposhuka, aghalabu nyuma yake kwa sekunde chache, mfano wa waitikiaji wamfuatavyo mwenye kuimbisha. Na la kushangaza zaidi ni kwamba katika sehemu fulani msikizi alimtangulia msimulizi, kwa kuwa akili yake ilikuwa imekwisha kulibashiri lijalo. Wale ambao kutangulia huko kulikuwa kukubwa ndio walioonekana baadaye, walipoulizwa maswali, kuwa wamekielewa kisa vizuri kuliko wenzao. Na kisa kiliposimuliwa kwa Kirusi mbele ya watu wasiojua Kirusi, ufuasi huo ulitoweka. Masikio yalisikia, bali akili hazikukutana.

Katika nchi ya Meru na Embu jambo la lugha si dogo. Mtoto wa Tigania au wa Igembe, wa Imenti au wa Tharaka, huusimulia uchungu wake kwa lugha ya nyumbani kwao, kama mwenzake wa Runyenjes afanyavyo kwa Kiembu na wa Siakago kwa Kimbeere. Kituoni huenda akamkuta askari aliyehamishiwa huko kutoka upande mwingine wa Kenya, wakakutana katika Kiswahili. Na kile kinachofika mbele ya jaji hatimaye kimeandikwa kwa Kiingereza. Kisa kimoja kimevuka lugha tatu kabla ya kufika penye hukumu. Je, uchungu wake huvuka nacho? Christopher Honey, akiwa pamoja na Hasson na wenzao, mwaka 2012 alitoa jawabu lenye faraja: kisa kimoja kikisimuliwa kwa Kirusi kwa wenye Kirusi, na kwa Kiingereza kwa wenye Kiingereza, zile sehemu za ubongo zishughulikiazo sauti huenda kila moja na njia yake, lakini zile zishughulikiazo maana huitikia kwa namna inayofanana. Tofauti ya lugha haizuii huruma, maadamu mkalimani amekifikisha kisa chote.

Chote, nasema, maana jaribio jingine la watu hao hao, lililotangazwa mwaka 2011 na Yulia Lerner, lilikichukua kisa likakikatakata, mara kwa neno, mara kwa sentensi, mara kwa aya, na vipande vikachanganywa kabla ya kusikilizishwa watu. Sehemu zipokeazo sauti hazikujali hata kidogo. Ziliendelea na kazi yake kama kawaida. Lakini kadiri mtu apandavyo kuelekea sehemu zinazounganisha jambo la sasa na lililotangulia, ndivyo zilivyodai vipande virefu zaidi, na zile za juu kabisa ziliitikia sawasawa pale tu aya nzima, au kisa kizima, kilipobaki katika mtungo wake. Sasa mtazame askari aliyeufunua mbele yake ule ukurasa wa kitabu cha matukio, ambacho kila Mkenya hukiita OB, naye anamkatiza mtoto kila afumbuapo kinywa: Saa ngapi? Ulivaa nini? Ulikuwa unatafuta nini huko? Yeye hudhani anakusanya ushahidi, na kwa yakini saa na mahali ni mambo ya lazima. Lakini akiyatanguliza hayo mbele ya kisa chenyewe, basi kwa kadiri majaribio haya yanavyotufundisha, ameuzuia ubongo wake mwenyewe usiifikie maana. Amesikia maneno mengi, na kisa hakukisikia.

Tuseme, hata hivyo, kwamba amenyamaza na kumwacha mtoto amalize. Hapo pana jambo zito kuliko la kukatiza, nalo ni lile ambalo msikizi amekuja nalo moyoni kabla neno la kwanza halijatamkwa. Mwaka 2017 Yaara Yeshurun na wenziwe waliichukua hadithi moja ya J. D. Salinger, ambamo mume anampigia simu rafiki yake usiku mwingi akiuliza kama anajua alipo mkewe. Nusu ya wasikizi waliambiwa kabla kwamba mke huyo anamhini mumewe. Nusu ya pili waliambiwa kwamba mume ana wivu usio na msingi. Wote wakasikilizishwa hadithi ile ile, neno kwa neno. Bongo za watu wa kundi moja zilifanana zenyewe kwa zenyewe, zikaachana na za kundi la pili, tena katika sehemu zile zile za juu zishughulikiazo maana. Maneno machache ya utangulizi yalitosha kuwafanya watu wasikie hadithi mbili katika moja. Jean Decety na wenziwe, mwaka 2010, walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo la jinsi hiyo kuhusu maumivu: watu walionyeshwa video za wagonjwa wenye kuumwa, wakaambiwa kwamba baadhi yao waliambukizwa UKIMWI kwa damu waliyotiwa hospitalini na baadhi kwa sindano za dawa za kulevya; ubongo uliitikia zaidi maumivu ya wale waliohesabiwa kuwa hawana kosa.

Huko basi ndiko ulikokuwa ubongo wa askari tuliyemwuliza. Haukuwa umekufa, wala hatuna haja ya kumdhania kwamba ni mtu wa moyo mgumu kuliko sisi. Huenda alikuwa baba mwema nyumbani kwake. Bali utangulizi wake alikwisha kupewa, si na mtafiti wa Princeton, ila na jamii iliyomlea: kwamba watoto husingizia, kwamba msichana aliyekuwa nje jioni amejitakia, kwamba aibu ya ukoo humalizwa nyumbani kwa mbuzi na faini. Kwa utangulizi huo kisa hakimwingii kama kisa cha kudhulumiwa. Humwingia kama ugomvi wa watu wa jirani, naye huitikia kama mtu aitikiavyo ugomvi wa jirani. Ni jambo la kutazamwa kwamba sheria ya Kenya yenyewe ilikwisha kuukataa utangulizi huo. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika makosa ya kijinsia, imtie mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyedhulumiwa peke yake, ikiwa hakimu ameridhika kwamba mdhulumiwa huyo anasema kweli, na ameziandika sababu za kuridhika kwake. Naiona hekima kubwa katika sharti hilo la mwisho. Sheria haikumwamuru hakimu aamini kila chozi, maana wako wanaolia kwa uongo. Ilimwamuru aandike kwa nini ameamini, na mtu akilazimika kuandika kwa nini ameamini, hulazimika pia kujiuliza alichokuwa akikiamini kabla hajasikia.

Kuna jambo la wakati vilevile, na katika ilimu yote hii hili ndilo nilipendalo zaidi. Mary Helen Immordino-Yang, akishirikiana na Hanna na Antonio Damasio katika Chuo Kikuu cha Southern California, mwaka 2009 alitangaza uchunguzi wa watu 13 tu, idadi ndogo ambayo msomaji hana budi kuikumbuka kabla ya kulijengea jambo hili ghorofa. Watu hao walisimuliwa visa vya kweli vya watu wa kweli, wengine walioumia viungo, wengine waliopatwa na msiba wa nafsi, kisha wakalazwa katika mashine na kukumbushwa kila kisa. Huruma juu ya maumivu ya mwili ilipanda upesi na kushuka upesi. Huruma juu ya maumivu ya nafsi ilichelewa kupanda, na ilipokwisha kupanda ilidumu zaidi. Na zote mbili ziliiamsha insula, sehemu iliyojificha katika mkunjo wa ubongo, ambayo kazi yake nyingine ni kupokea habari za mwili wenyewe, za moyo udundao na tumbo lisokotalo. Mkono uliovunjika huonekana mara moja, na hata mtu mwenye haraka humhurumia mwenye mkono huo. Lakini fedheha ya mtoto, na hofu yake ya kurudi nyumba ile ile alikotoka, ni mambo ambayo ubongo wa msikizi huyafikia polepole, na foleni ndefu ya kituoni au ya hospitali haiupi ubongo polepole yake. Ndiyo maana sishangai kwamba watu walewale wanaomlilia majeruhi wa ajali ya barabarani Nithi hupita bila kugeuka mbele ya msichana aliyenyamaza.

Mabaraza ya zamani yalisifika kwa kutokuwa na haraka, na wako wanaosema kwamba tukimrudishia mzee nafasi yake mambo yatakuwa mema. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru ambalo makao yake ni Nchiru, likishawishiwa na watawala wa kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana, na katika shauri hilo wasichana wenyewe hawakuwa na kiti wala ulimi. Jawabu lao lilikuwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe: waliingia vichakani na nyembe wakatahiriana wao kwa wao, na katika muda wa miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Mwanahistoria Lynn Thomas aliwasikiliza wanawake wa kizazi hicho walipokuwa wamekwisha kuwa nyanya, na kitabu chake cha mwaka 2003 kinawapa nafasi ambayo mwaka 1956 hawakupewa. Mimi ni miongoni mwa wanaoiona tohara hiyo kuwa ni dhuluma juu ya mwili wa mtoto. Hata hivyo, amri iliyotolewa juu ya watu ambao hakuna aliyewauliza neno ilizaa kinyume cha ilichokusudia, na wazee wenye subira ya kutwa nzima barazani hawakuonekana kuwa na subira hiyo kwa binti zao.

Turudi ndani ya fuvu. Kisa chenye uchungu hakimtoki msikizi upesi, na sababu yake imeanza kufahamika vizuri tangu mwaka 1994, pale Larry Cahill, James McGaugh na wenzao wa Irvine, California, walipowasimulia watu, kwa mfululizo wa picha, kisa cha mama na mwanawe mdogo waliokuwa wakienda hospitali kumzuru baba afanyaye kazi huko. Katika kisa cha namna ya kwanza mtoto anagongwa na gari njiani, na madaktari wanahangaika kuiunga miguu yake; katika kisa cha namna ya pili hakuna anayeumia. Baada ya wiki moja, waliosimuliwa ajali walikumbuka sehemu ile ya katikati kuliko walivyokumbuka sehemu nyingine; lakini wenzao waliokuwa wamemeza kabla dawa ya propranololi, izuiayo kazi ya adrenalini, hawakuipata ziada hiyo ya kumbukumbu, ingawa kisa walikisikia na uchungu wake waliuona. Ni kusema kwamba ile homoni imtiayo mbio mtu aliyekutana na nyati msituni ndiyo, kwa njia ya kitu kidogo ubongoni kiitwacho amigdala, huitia muhuri kumbukumbu ya kisa cha mtu mwingine, ambacho msikizi hakukiona kwa macho wala hakikumgusa mwilini.

Msomaji wa pwani ana sababu yake ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Wazee wa Meru husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji, ambako walitumikishwa na watu waliowaita Nguo Ntuni, wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwatwika kazi zisizowezekana, miongoni mwazo kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili, na kufua mkuki mrefu wa kuigusa mbingu, mpaka kiongozi wao, Koomenjoe, akayapiga maji kwa fimbo yakatengana, wakavuka, wengine usiku, wengine alfajiri, na wengine mchana. Wako wanahistoria walioielekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, na wako wanaoshuku. Padri Bernardo Bernardi, aliyeandika juu ya Mugwe, mkuu wa dini wa Wameru, mwaka 1959, na Jeffrey Fadiman baada yake, walikikuta kisa hicho kikiwa hai vinywani mwa wazee wanaoishi mbali na bahari. Sidai kwamba maji yalitengana. Nionacho ni kwamba vizazi kwa vizazi havikuhifadhi tarehe wala bei ya kitu; vilihifadhi utumwa, dhihaka ya kazi isiyowezekana, na hofu ya kukimbia gizani, yaani yale yale ambayo adrenalini huyatia muhuri. Huko Embu pia, H. S. K. Mwaniki alipoandika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya historia ya Waembu na Wambeere hadi 1906, mwaka ambao Waingereza waliishinda Embu kwa bunduki, mategemeo yake makubwa yalikuwa ni wazee na vinywa vyao. Kumbukumbu za namna hiyo hazikosi kasoro, maana uchungu hukaza kiini cha jambo na kuziacha pembe zake zififie. Lakini anayezidharau kwa ajili ya pembe hupoteza kiini.

Nchi ya Embu ya zamani, kabla Kirinyaga haijatengwa nayo, ndiyo iliyokuwa na kambi ya Gatithi, ambako mwaka 1954 msichana wa miaka 15 alipigwa na kutendewa ukatili wa kijinsia akihojiwa juu ya Mau Mau. Jina lake tunalijua kwa sababu mwenyewe alikubali kulitoa hadharani: Jane Muthoni Mara, ambaye akiwa bibi kizee alisafiri hadi Mahakama Kuu ya London pamoja na Paulo Nzili na Wambugu wa Nyingi. Mwezi Julai 2012, baada ya miaka ya kubishana, wakili wa serikali ya Uingereza alisema mahakamani kwamba serikali yake haipingi kuwa kila mmoja wao aliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Tarehe 5 Oktoba Jaji McCombe aliruhusu shauri liendelee. Na tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alitangaza Bungeni masikitiko ya serikali, na malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Wadai walikuwa 5,228, na sauti zilizosikika mahakamani zilikuwa tatu. Sidhani kwamba mawakili walihitaji kufundishwa saikolojia, lakini saikolojia ilikuwa imekwisha kuwatangulia: mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walionyesha kwamba watu walioombwa msaada kwa ajili ya msichana mmoja wa Mali, aliyetajwa kwa jina la Rokia na kuonyeshwa kwa picha, walitoa zaidi kuliko wale walioelezwa mamilioni wenye njaa, na Rokia huyo huyo alipowekwa pamoja na takwimu za mamilioni, mikono ikarudi nyuma. Hesabu kubwa huiridhisha akili na kuupoza moyo. Meru walikwenda na wasichana 11 kwa niaba ya 160, London na wazee 3 kwa niaba ya maelfu, na pande zote mbili walifanya vyema. Tusisahau, hata hivyo, yale makaratasi ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa huko Hanslope Park, Uingereza, ambayo serikali ya Uingereza ilikiri mwaka 2011 kuwa nayo. Kisa kilimfanya msikizi atake kujua. Karatasi zilimnyima njia ya kukana.

Juu ya homoni ya oksitosini, ambayo mtafiti Paul Zak ameieneza sifa kwamba huongezeka damuni mtu asikiapo kisa cha baba mwenye mtoto anayekufa, na kwamba kuongezeka huko humfanya atoe fedha, nitasema machache: habari hizo zinapendwa mno na wauzaji wa bidhaa, na mwaka 2015 Gideon Nave na wenziwe, walipozipitia upya tafiti zinazoifunga oksitosini na kuaminiana, walikuta msingi wake si imara. Asomaye na asome kwa hadhari.

Amebaki msikizi ambaye hasikii kisa kimoja kwa mwaka bali kadhaa kwa siku: muuguzi wa zahanati ya Mbeere, mshauri katika kituo cha watoto, mkalimani wa mahakama ambaye hulazimika kuyatamka kwa kinywa chake, tena kwa nafsi ya kwanza, mambo yaliyompata mwingine. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake wa London waliwapima wanawake 16, mara wakiumizwa wao kidogo mkononi, mara wakijua kwamba ni wapenzi wao wanaoumizwa. Insula ya mbele na sehemu ya singuleti ziliamka katika hali zote mbili, bali zile sehemu zipokeazo mguso wa maumivu yenyewe ziliamka tu walipoumizwa wao. Kwa hiyo msikizi hugawana na msimulizi ghamu ya maumivu, ingawa jeraha halipati. Miaka kama kumi baadaye Olga Klimecki na Singer waliongeza lenye manufaa zaidi: watu waliozoezwa kuumia pamoja na wenye kuumia walizidi kuzongwa na huzuni, na zile sehemu za maumivu zikazidi kuwaka; walipozoezwa kisha kuwaombea heri na kuwatakia faraja wale wale, sehemu nyingine ziliamka, zile zinazoambatana na upendo na thawabu, na nguvu zao zikarudi. Afisa wa huduma za jamii anayejiona mgumu wa moyo kwa kuwa halii tena na kila kisa hana haja ya kujilaumu. Kumhurumia mtu na kuzama pamoja naye si jambo moja, hata ndani ya ubongo. Wakubwa wa kazi hizo, kwa upande wao, wangewapa zamu za kupumzika na mtu wa kuwasikiliza wao, badala ya cheti cha semina.

Jambo hilo la wasikizi wa kazi limenifikisha kwenye usikizi mkubwa kuliko wote uliofanywa katika Kenya. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ilipokea taarifa za watu zaidi ya 40,000, ikafanya vikao vya hadhara sehemu nyingi za nchi, na vikao vya pekee vya wanawake ambao baadhi yao walikuwa hawajapata kusema hata kwa waume zao. Ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 21 Mei 2013, siku 6 kabla ya hukumu ya Meru na siku 16 kabla ya tangazo la London, hata mtu angesema kwamba majira hayo mafupi yalikuwa ya kuitikiwa kwa walionyamazishwa. Meru ilitoa amri, London ilitoa fedha. Ripoti ya Tume ilitimiza miaka 10 bila ya Bunge kuipitisha, ingawa Machi 2015 Rais aliomba radhi kwa niaba ya dola na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waliodhulumiwa. Hakuna awezaye kusema kwamba wabunge hawakuwa na habari. Walikuwa nazo kwa makumi ya maelfu, na hiyo, kwa yale tuliyoyaona juu ya Rokia, ilikuwa sehemu ya tatizo.

Ripoti hiyo ingaliko, juzuu kwa juzuu, na maneno ya mashahidi wenyewe yamo ndani yake. Msomaji wa Meru, wa Embu, au wa popote Kiswahili kisomwapo, aitafute. Asianze na majedwali wala muhtasari. Amchague shahidi mmoja, amsome tangu mwanzo hata mwisho bila kumkatiza, kisha ampigie simu mbunge wake na kumwuliza anajua nini juu ya shahidi huyo.